Ngamia Aliyetembea Kama Mbuzi

Wiki jana nilikuwa kwenye duka la fotokopi hapa mtaani Galbet. Kando yangu msichana alikuwa akimalizia katuni kwenye kompyuta, filamu fupi ya kuwahimiza wafugaji wachanje mifugo. Ofisi iliyomwagiza iliitaka kabla ya adhuhuri.

Mzee mmoja mfugaji kutoka Takaba, aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho, aliinamia skrini.

"Hii ni nini?"

"Ngamia, adeer," alijibu, akimwita ami kwa Kisomali.

"Wallahi, hii ni mbuzi mrefu."

Mzee akaweka vidole vinne juu ya kaunta, akavitembeza. "Ngamia anatoa miguu mbili ya kulia pamoja, halafu mbili ya kushoto. Mfugaji akiona hii yako, atacheka tu. Dawa hatasikia."

Msichana aliitazama saa, akafuta alichochora na kuanza upya. Ofisi ilipopiga simu, alisema kwa upole, "Subirini kidogo. Ngamia bado hajajua kutembea."

Juzi nilimuuliza ilikuwaje. Alisema ofisi ililalamika sana kwamba amechelewa. Kuhusu miguu hakuna aliyesema neno, na nadhani katika kazi yake, mwendo usiomshtua mtazamaji ndio sifa kubwa kuliko zote.