Sodiamu Haikufilisika

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa shule pale Segese alinifikisha mlangoni mwa Kidato cha Tatu. "Hawa wanaikimbia kemia," alisema. "Wasipoelewa muungano wa ioni wiki hii, somo nalifuta, nawe nitakupa kilimo."

Kilimo nilikuwa nimemwachia baba. Nikaingia, yeye akabaki dirishani.

Nilianza taratibu. Atomu ni chembe ndogo mno. Katikati ina kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka ziko elektroni, zenye chaji hasi inayolingana na ile chanya. Sodiamu ina elektroni moja tu kwenye mzingo wa nje. Klorini ina saba, na hutulia ikipata nane. Zikikutana, sodiamu huitoa ile moja, klorini huipokea. Atomu iliyotoa au kupokea elektroni huitwa ioni.

"Sasa sodiamu ina chaji gani?"

"Hasi," likajibu darasa zima.

Akasimama Nyanzala, binti wa mchimbaji dhahabu wa Mwakitolyo. "Imetoa chake, mwalimu. Aliyepungukiwa si yuko hasi?"

"Mwacheni sodiamu wa watu, keshafilisika," akadakia mmoja nyuma. Wakacheka. Dirishani hakucheka mtu.

Nikamuuliza Nyanzala, "Shimo la dhahabu la baba yako, lile mnaloliita duara, likijaa maji mnafanyaje?"

"Tunayachota, tunayamwaga nje."

"Mnapata hasara?"

"Hasara gani, mwalimu? Hapo ndipo kazi inaanza." Kisha akaongeza, "Kumbe hasi ni ile elektroni. Ikitoka, chanya za kiini zinazidi."

"Na klorini?"

"Imepokea maji ya watu. Hasi."

Nikamalizia: chanya na hasi huvutana, na mvuto huo ndio muungano wa ioni. Nikafungua karatasi ya chumvi niliyokuja nayo kwa chakula cha mchana. Kila punje ni ioni za sodiamu na klorini zilizoshikana pande zote.

Mkuu akaingia, akaonja. "Mayai ya chumvi hii yako wapi?" akauliza. Kisha akasema, "Endelea nao. Kilimo nitafundisha mwenyewe."

Baadaye nilihamia Geita, nikawa mwalimu wa taaluma chini ya wakuu wengine. Mfano wa duara sikuuacha. Wewe unayeanza kufundisha, mtoto akikosea, muulize kwanza kwao wanafanyaje.

Sasa nimestaafu, niko Kalangalala, huku huku Geita. Juzi Nyanzala alinipigia simu. Anafundisha kemia Segese, darasa lile lile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Bado wanaikimbia?"

"Walikuwa wanaikimbia. Leo nimewachotesha maji."