Namba Kumi Mbili

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Kampemba, mapacha tuliwaita mapasa, na jina hilo lilitamkwa kwa sauti ya chini kidogo. Anayetoka wa kwanza ni Kiungu, anayemfuata ni Kabange. Ukimpa mmoja pipi, unatafuta haraka ya yule mwingine. Usipofanya hivyo, walisema, moyo wa aliyenyimwa unachafuka, na aliyepewa ndiye anayeanguka. Niliamini yote, na hadi leo sijaacha kabisa.

Baba yangu hakuwa mtu wa mambo hayo. Yeye alikuwa mtu wa rugby, katika mji unaolala na kuamka na mpira wa miguu. Alifundisha timu ndogo ambayo msimu ule ilipigwa karibu kila Jumapili, na ndani ya timu hiyo walikuwamo Kiungu na Kabange, wana wa jirani yetu Mama Mapasa.

Kiungu alivaa namba kumi. Ndiye aliyeamua kama mpira upigwe mbali au wakimbie nao, na aliamua vizuri. Kabange alisimama kando yake, naye aliogopa kukaba, yaani kumwangusha mwenye mpira. Wapinzani walikwisha kumjua. Walimletea mtu mzito, Kabange anafumba macho, mtu anapita. Baba alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, akiwahamisha wachezaji huku na huko ili kumficha Kabange, na kila mchoro uliacha tundu mahali pengine. Mama alifuta ukuta.

Wiki ya mechi ya mwisho, iliyopangwa Jumapili, prezida wa timu alikuja kwetu. Alipewa kiti, akakataa.

"Coach, ule Kabange iko anabafungulia mulango. Ukimuweka dimanche, weye njo utatoka."

Jioni ile ile akaingia Mama Mapasa. Habari ilikwisha kumfikia.

"Baba Solange, mapasa habagawanyake. Kabange akibakia inje, Kiungu ataanguka."

"Mama, ile ni mupira tu," baba alisema.

"Kwako ni mupira. Kwangu ni batoto."

Nilikuwa chini nachagua maharagwe, nikaona chumba kimekuwa kidogo. Baba aliisukuma sahani ya bukari, ugali wetu, akasimama, akaketi tena. Hakuwa na pa kwenda. Nilimhurumia, nami sikuwa na cha kumpa.

Mwishowe alisema Kabange atakaa kwenye benchi. Mama Mapasa hakubishana. Siku mbili baadaye akaleta jezi aliyomshonesha fundi, ya rangi ile ile, namba kumi mgongoni. Kama mtoto wake lazima abaki nje, basi avae sawa na mwenzake. Baba aliichukua. Nguvu za kukataa zilikuwa zimemwishia.

Jumapili tukaenda uwanjani. Kiungu alicheza kama hajawahi. Tulikuwa tunaongoza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi niliona mabega ya baba yanashuka. Kabange alikuwa kwenye benchi na namba kumi yake, mikono katikati ya magoti.

Kisha Kiungu akaanguka. Mpira ulikuwa mbali. Alishika goti, akabaki pale kwenye vumbi, na uwanja mzima ukamgeukia Mama Mapasa. Hakufurahi kuwa amesema kweli. Alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Hakukuwa na mwingine wa kucheza nafasi ile. Kabange akaingia, jezi tayari mwilini. Wakamletea mtu mzito, akafumba macho. Tukapigwa. Jioni ile baba hakuwa kocha tena, na timu haikuuona msimu mwingine.

Miaka mingi nilisema mtego ule ulikuwa wa baba. Prezida alimbana huku, Mama Mapasa alimbana kule. Nilikasirika kwa niaba yake, na yeye hakuwahi kukasirika, jambo lililonikasirisha zaidi.

Siku hizi mapasa wana karakana ya pikipiki mtaani Kasungami. Mwaka jana nilipita hapo na soda mbili, nikamkuta Kiungu peke yake. Alizitazama zile chupa, akacheka kidogo.

"Solange, siku ile hakuna muntu alinipiga. Niliangalia ku banc, nikaona Kabange na ile maillot ya namba kumi. Magulu ikakatala."

"Miguu ilikataa? Ulijiangusha?"

"Hapana. Na hakuna muntu aliniangusha."

Nilitaka kugombana naye kwa ajili ya baba. Nikashindwa. Sote tulibishana juu ya vijana wale wiki nzima, na hakuna aliyemuuliza Kiungu kama anaweza kucheza huku ndugu yake anamtazama. Baba alipofukuzwa alitoka mtegoni. Kiungu alizaliwa humo, na hakuna mechi ambayo ingemtoa.

Nilimwambia anywe, soda isije ikapata joto. Akaiweka chini ya benchi, kivulini, karibu na ile nyingine, akaendelea kufunga nati mpaka Kabange aliporudi.