Udongo wa Gonja Ndani ya Kiroba cha Unga

Mama mkwe alishuka kutoka Gonja, milimani, na kiroba cha unga, nami nikakipokea kwa furaha mpaka nilipokifungua. Kilikuwa kimejaa udongo mweusi.

"Shikamoo, mama. Huu wa nini?"

"Marahaba. Wa maharage yako. Huku bondeni yamekosa wenyeji."

Ukweli ni kwamba maharage yetu ya Maore msimu uliopita yalikuwa ya manjano, mafupi, yenye maganda matupu. Mume wangu alikwisha sema yakikataa tena atarudi kukata mkonge na kuniacha hapa peke yangu. Sikutaka. Sasa mama yake analeta udongo. Nilijiambia huyu amekuja kunimalizia shamba ili mwanawe aondoke kwangu. Jirani yangu alipochungulia kile kiroba akanong'ona, "Akishaumwaga, dada, hilo shamba si lako tena."

Kumkatalia mkwe siwezi. Nikamwonyesha kona ya karibu na mfereji, nikasema hapo panatosha. Nikakaa ukingoni nikimtazama midomo, nione kama ananuiza kitu. Alizilowesha mbegu kidogo, akazigaragaza kwenye ule udongo, akazifukia. Alilosema ni kwamba mgongo unamuuma.

Baada ya majuma kadhaa kona ile ikawa kijani kibichi, kwingine kote manjano yaleyale. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Uchawi unaoharibu naujua. Unaostawisha sijawahi kuusikia, na kitu nisichokijua nakishuku maradufu. Nikamwita bwana shamba.

Aling'oa mche mmoja wa konani, akanionyesha mizizi. Ilijaa vinundu. "Unaona? Huu udongo una wadudu," akasema, tena anatabasamu.

Nikamwomba dawa ya kuwaua.

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaeleza kwamba wadudu hao ni bakteria, hawaonekani kwa macho, na huishi ndani ya vile vinundu. Hunasa hewa na kuigeuza mbolea, maharage yakala, na nyingine ikabaki ardhini kwa zao linalofuata. Milimani wamejaa kwa sababu maharage yamelimwa huko tangu enzi. Shamba letu lilijua mahindi tu. Akapasua kinundu kwa ukucha, ndani kikawa chekundu kidogo, akasema rangi hiyo ndiyo dalili kwamba wanafanya kazi.

"Unawauza bei gani?" nikamuuliza.

"Siuzi. Chota udongo wa konani, upandie kwingine."

Asiyeuza chochote naye nilimtilia shaka, lakini msimu uliofuata nilichota. Shamba zima likawa kijani. Tulikula makande ya maharage yetu wenyewe, na habari za mkonge zikaisha.

Mama mkwe alikuja tena tuchambue maharage pamoja. Nikamsimulia habari za bakteria. Alisikiliza, akapuliza makapi kwenye ungo.

"Kwani wewe ulidhani nini?"

Uongo ulinijia mdomoni, nikaona haya kuutoa. "Nilidhani unaniroga, mama."

Aliendelea kutoa mawe, moja moja, nami nikawa natamani anifokee yaishe.

"Nina mwana mmoja," akasema, "na macho yanaanza kunikatalia. Sasa nikuroge wewe, halafu nani aniuguze?"