Mkia wa Kondoo wa Linet

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe aliyayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akayatia kwenye kibuyu, akampelekea mke mwenzangu aliyezaa mvulana. Mimi nilikuwa nimezaa msichana. Kwetu Kapsokwony mzazi hunywa mafuta hayo ndipo mwili urudi. Mimi nilirudishwa na uji mwepesi. Miaka sita baadaye nilifukuzwa na watoto wawili, nikahamia Matisi, mjini Kitale, nikachemsha mahindi ya kuuza mpaka mvuke ukanizeesha macho.

Niliapa kwamba mke wa mwanangu Kimutai hatalia kama mimi. Alipomwoa Linet na kurudi kulima kule mlimani Kapsokwony, nilinunua dume la kondoo sokoni Moi's Bridge, nikampelekea Linet alitunze hadi atakapojifungua. Kila nilipowatembelea niliushika mkia nipime mafuta. Disemba, Linet alipojifungua, mkia ulijaa mikono yangu miwili.

"Mama Kimutai, chinja sasa," jirani yao Cheptoo aliniambia. "Mzazi yuko ndani, mkia uko nje. Unangoja nini?"

"Nangoja Pasaka. Kama umefika hapa, Pasaka utakuwaje?"

Hayo ndiyo niliyoyasema. Moyoni nilikuwa na jingine. Nilimwona Linet kitandani, mume akimshikia kikombe, nikajiuliza kwa nini yeye apewe upesi hivyo kitu nilichonyimwa mimi. Angoje kidogo, nikasema. Nikarudi Kitale.

Kiangazi kikaja, nyasi zikawa kama ufagio. Nilipanda tena mlimani mwezi wa tatu, nikaushika mkia. Ngozi tupu, inaning'inia kama soksi. Wanawake wa kanisa walikuwa uani wamekuja kumwona mtoto. Sikungoja waondoke.

"Wewe msichana, kondoo wangu umemfanya nini? Umekaa tu kunyonyesha, mnyama anakufa njaa?"

"Mama, si nilimkatia hata majani ya migomba," Linet akasema polepole. "Nyasi tangu Januari nimeziona wapi?"

"Mvivu hakosi la kusema. Na wewe mwenyewe umekonda, ati ni nani anakunyima chakula hapa?"

Mwanamke mmoja akacheka. Linet akamfunika mtoto, akaingia ndani.

Siku hiyohiyo nikaamuru kondoo achinjwe. Cheptoo ndiye aliyeupasua mkia. Hakuna donge jeupe lililotoka, ila utando wa manjano ulioshikamana na ngozi.

"Mama Kimutai, njoo uone," akasema. "Huyu hakunyimwa. Mkia ni ghala lake. Majani yakiwa mengi anaweka, yakiisha anachukua. Ameishi kwa mkia huu miezi mitatu. Kwani wewe ulidhani anakuwekea wewe?"

Wanawake walicheka tena. Safari hii nilijua wanamcheka nani.

"Na huyo mtoto wa watu uliyemtukana," Cheptoo akaendelea, bila kuacha kukwangua, "alinenepa akiwa na mimba. Sasa hayo mafuta yako wapi? Yako kwenye mashavu ya mjukuu wako. Naye hana wa kumrudishia."

Niliyeyusha kile kidogo kilichopatikana. Hakikufika nusu kikombe. Nikakipitisha mbele ya wale wanawake, nikaingia ndani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha.

"Ni haya tu," nikasema.

"Asante, Mama," Linet akajibu. Akanywa mafunda mawili, akanipa kikombe. "Kunywa na wewe. Kimutai aliniambia wewe hukupewa."

Nilipaswa kumrudishia. Mtoto alikuwa titini, na shingo ya Linet ilikuwa mifupa mitupu. Lakini mkono wangu ukakichukua kikombe, nikanywa yote. Nina miaka hamsini na mbili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyaonja mafuta ya uzazi. Niliyatoa kinywani mwa mwanamke anayenyonyesha.