Kandili la Mifuo Miwili

Pale Quimbaya, mji mdogo wa Kolombia, mtu mwenye akili hakumuudhi Otilia Marulanda Desemba ikikaribia. Nusu ya mtaa ilimtegemea yeye kwa makandili ya Usiku wa Mishumaa, na ukimkosea angekata umbo lako kwenye karatasi, na kitambi chako chote, uangikwe barazani watu wakuone. Mumewe, Aldemar, alitengeneza fremu za mbao. Otilia mwenyewe alikata karatasi kwa wembe, na mdomo haukupumzika.

Ndani ya kila fremu Aldemar alichimba mifuo mitatu ya kuchomekea karatasi, mmoja nyuma ya mwingine, na mshumaa ukakaa nyuma ya yote. Karatasi ya mbele ilikuwa ya watu waliopo nyumbani. Ya katikati ilikuwa ya walio safarini. Ya nyuma, iliyo karibu na moto, ilikuwa ya marehemu. Otilia alirithi mpango huo kwa mama yake na hakuuchezea. Mwaka mmoja alimweka mama mkwe wa kinyozi kwenye karatasi ya nyuma, akidhani ameshazikwa. Bibi huyo alikuja na ufagio, akamkimbiza Otilia mpaka kanisani, na mtaa mzima ukacheka hadi Krismasi.

Mwaka huu Aldemar aliweka fremu ya nyumba yao mezani, akatoka haraka kwenda kuwapa kuku mahindi, ingawa kuku walikuwa wameshakula. Otilia akapitisha kidole ndani ya mbao, kama alivyozoea. Akapitisha tena. Mifuo ilikuwa miwili.

Akakaa chini. Mbele ni wao wawili, hilo halina mjadala. Nyuma ni mama yake mwenyewe na baba yake Aldemar, na hakuna mtu wa mji ule anayewatupa wafu wake usiku huo. Basi uliokosekana ni mfuo wa katikati, na wa katikati alikuwa mmoja tu: Ferney, mtoto wao wa pekee, aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu kule msituni na hakupiga simu tangu Pasaka. Mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba ukingo wa machimbo umeporomoka huko na kufukia watu. Majina hayakutajwa. Aldemar aliizima redio na hawakuizungumzia habari hiyo.

"Ameambiwa," Otilia akajisemea. "Ameambiwa, na ananificha."

Hofu ikamshika na haikumwachia tena. Mtasema, kwa nini asimuulize mumewe? Jaribuni nyinyi. Maadamu hajauliza, mtoto alikuwa hai angalau kwa nusu, na Otilia aliing'ang'ania nusu hiyo. Badala ya kuuliza akaanza kumchunguza mzee. Aliona anakwenda na simu uani. Aliona chakula kinarudi jikoni. Hata supu ambayo Otilia alisahau kuitia chumvi, Aldemar aliinywa bila kulalamika, na jambo hilo lilimtisha kuliko yote.

"Baba Ferney," alimwambia siku moja, "ile fremu hukusahau kitu?"

"Nisahau nini mimi?" Aldemar akajibu bila kuinua macho. "Kata karatasi zako, mama. Siku zinakwenda."

Jirani yake, Nubia, aliyekuwa akiishi zaidi juu ya ukuta wao kuliko nyumbani kwake, alijaribu kumchangamsha. "Wewe, kijana amepata mwanamke huko! Akupigie simu ya nini? Siku moja atakuja na watoto watatu wakumalizie jibini yako."

"Waje tu," Otilia akasema, akaingia ndani kabla sauti haijamsaliti.

Alasiri moja Aldemar alipokuwa karakanani, Otilia alifunga mlango akakata karatasi ya nyuma. Akamkata mama yake na kapu la kahawa, akamkata baba mkwe juu ya nyumbu. Kando yao akamkata Ferney, na kofia yake ya upande na zile buti kubwa alizoondoka nazo. Kila wembe ulipopita alihisi anamuua mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza aliificha karatasi chini ya godoro, akashindwa kulala juu yake.

Siku ya mishumaa ikafika. Watu walikuwa wameshapanga mishumaa yao vizingitini, mafuta ya maandazi ya jibini yakinukia kila nyumba, na kwenye fremu yao kulikuwa na karatasi ya mbele peke yake.

"Nyingine iko wapi?" Aldemar akauliza.

Otilia akaileta. Aldemar aliitazama, akamwona mtoto pale kati ya marehemu, na uso ukamwisha rangi.

"Nani kakuambia?" akanong'ona. "Otilia, nani kakuambia?"

"Wewe! Si wewe uliyeondoa mfuo wa katikati?"

"Wa katikati?" Mzee akaishika meza. "Niliondoa wa nyuma, mke wangu. Wa nyuma! Nilikuona ulivyokuwa tangu siku ile ya redio, nikajua umekata tamaa, nikaogopa utamweka huko. Nikasema mama yako na baba yangu watatusamehe mwaka mmoja. Sijui lolote mimi. Kila siku napiga ile namba, haiiti."

Wakakumbatiana, wazee wawili, wakilia kwa faraja, na ndani ya faraja hiyo hofu ikiwa palepale, kwa sababu kutojua lolote si habari njema. Ghafla Aldemar akajibandua.

"Mtoe huko," akasema. "Mtoe sasa hivi!"

Hakungoja. Akanyakua mkasi, akamkata mtoto kutoka kwa wafu kwa pupa, kwa vidole vilivyozoea randa na nyundo. Otilia akachana vilima na migomba haraka kwenye karatasi mpya, wakambandika Ferney njiani, wakaichomeka kwenye mfuo wa pili. Wakatoka nje na kuwasha mshumaa wakati uleule taa za mtaa zinazimwa.

Mtaa ulipendeza. Watu wakapita polepole, wakisifu. Nubia akaja na sahani, akainama, akaangua kicheko.

"Haa, Otilia! Leo mkono umeteleza. Ferney hana miguu! Huyu atarudije nyumbani?"

Kisha akasikia alichokisema, akajiziba mdomo.

Otilia akatazama. Ni kweli, mwanawe aliishia magotini. Mkasi wa Aldemar uliziacha buti kwenye karatasi ya wafu, zimesimama kati ya mama yake na yule nyumbu.

Alikimbia ndani, akaiokota karatasi sakafuni, akazikata zile buti moja moja huku akihesabu pumzi zake. Akarudi na gundi. Hakuuzima mshumaa, maana mshumaa wa mtu hauzimwi usiku ule; alipitisha mkono ndani ya fremu, moto ukamchoma kifundo cha mkono, akabandika buti ya kulia, akabandika ya kushoto.

"Usiiguse," akamwambia mumewe. "Gundi mbichi. Zitadondoka."

Aldemar akapiga magoti mbele ya kandili, akapeleka kidole nyuma ya karatasi, akazishika buti za mtoto mahali pake. Watu waliendelea kupita, na yeye hakukitoa kidole mpaka mshumaa ulipokwisha.