Jino la Baba Mkwe

Jino lilifika kabla ya mwenyewe. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa chumba chetu cha meno pale Kyela mjini, kitenge kimelowa mvua hadi magotini, mkononi kikombe cha plastiki alichokifunika kwa kiganja. Ndani ya kikombe mlikuwa na maziwa, na ndani ya maziwa jino la mbele la juu, zima, na mzizi wake wote.

"Baba yako amesema ulitengeneze," akaniambia.

Nikachungulia nyuma yake. Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja na mtoto wake, basi.

"Mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha wanunuzi wa kakao. Wewe tengeneza, mimi nitampelekea."

Atampelekea! Kama pasi iliyokatika waya. Sikujua nicheke au nilie. Na maziwa yale ni mimi niliyeyafundisha. Niliwaambia kina mama kanisani, baada ya ibada: jino la mtu mzima likidondoka, lishikeni kwenye kichwa chake, msiguse mzizi, msilisugue, litieni kwenye maziwa, kisha kimbieni mje. Wameyashika yote, Mungu awabariki. Sikuwaambia tu kwamba waje na mdomo pia. Nani angedhani linahitaji kusemwa?

Lakini kwetu lilihitaji. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chini ya paa moja. Tunaita ukutila, woga na heshima vikiwa kitu kimoja. Wengi wa mjini wameshalegeza, unawakuta sebuleni na wakwe zao wanatazama mpira. Baba mkwe wangu ni mtu wa kijijini Ngana, hajalegeza kitu. Akija kwetu hukohoa tangu kwenye migomba, nami natokea mlango wa nyuma. Tukikaribia kukutana njiani naingia shambani, kuwe na mpunga kuwe na matope. Tangu niolewe nilimjua kwa kikohozi, kwa mgongo, na kwa tarumbeta.

Tarumbeta ndiyo iliyonikata maini siku ile. Yeye ndiye kiongozi wa matarumbeta ya kanisani kwao. Msiba ukitokea anaitwa yeye kwanza, na alfajiri ya Pasaka ndiye anayezunguka kijiji kuamsha watu, na Pasaka ilikuwa inakaribia. Sasa, mpuliza tarumbeta hubana midomo juu ya meno ya mbele. Pengo likiwapo, pumzi inavuja na wimbo unatoka kama mbuzi anaburutwa. Jino la bandia la kuvaa nalo linacheza. Mume wangu aliwahi kuniambia, "Baba akikosa tarumbeta atajifungia ndani, hatutamwona tena." Hakuwa anatania.

Na jino likishatoka halikungoji. Zile nyama nyembamba zinazolishika kwenye taya zinakufa upesi, na zikifa, hata ukilirudisha, mwili unalila taratibu mpaka lianguke. Pikipiki yake ilikuwa imeteleza kwenye tope, mdomo ukagonga usukani, na wao wakakaa kwanza kubishana nani alete kikombe. Daktari ninayefanya naye kazi alikuwa amekwenda Mbeya kikazi. Mimi ni tabibu wa meno, kazi ile naiweza. Shida haikuwa mikono.

"Mama, mwambie aje."

Akavuka barabara kwenye mvua, akarudi. "Amesema mpe mwenzako."

"Mwenzangu hayupo."

Akavuka, akarudi. "Amesema basi atapanda basi aende Mbeya."

Mimi hasira zangu haziko mbali. "Mwambie mpaka basi limalize kupanda milima ya Tukuyu, hilo jino litakuwa mfupa wa kuku! Mwambie akitaka kupuliza Pasaka, aje sasa hivi!"

"Gwe, wewe! Nimwambie hivyo mume wangu?"

"Mwambie hivyohivyo."

Akaenda. Nikabaki nimekumbatia kikombe, naomba Mungu, huku naomba pia, niseme kweli, kwamba asije. Ningemwangalia vipi? Ningemgusa vipi?

Nikasikia kikohozi mlangoni. Miguu yangu ikainuka yenyewe kukimbilia mlango wa nyuma, na chumba chetu hakina mlango wa nyuma. Nikageukia ukuta. Nikamsikia mama mkwe akimkalisha kwenye kiti, akimlaza, akivua kitenge chake cha juu na kumfunika uso wote, ukabaki mdomo tu. Mimi nilishavaa barakoa, kofia na miwani, hata mama yangu mzazi asingenitambua. Nikajiambia: huyu si mkwe, huyu ni mdomo.

Uongo mtupu. Nilipoinama nikaona mdomo wa mume wangu, na mdomo wa mwanangu, ule ule, umepasuka na kuvimba.

"Mama, mwambie afungue."

"Fungua," mama mkwe akasema.

"Mwambie atasikia sindano ya ganzi."

"Utasikia..." Akaiona sindano. "Yesu wangu!" Akatoka mbio, nikamsikia akichuchumaa kule nje na kutapika.

Tukabaki wawili. Nilimchoma ganzi, nikasafisha tundu, nikalishika jino kwenye kichwa chake. Hapo hapo akaanza kufunga mdomo ili ameze mate. Nikaita "mama" kwa sauti ya chini, hakuna aliyeitika.

"Baba, usifunge."

Sauti ilinitoka kabla sijaifikiria. Chini ya kitenge kila kitu kilitulia, hata vidole vya miguu. Nikajua sasa anainuka anaondoka, na habari itafika Ngana kabla ya giza. Haya yote sekunde tu.

Akafungua zaidi.

Nikalisukuma jino pole pole mpaka nikalihisi limekaa mahali pake. "Sasa uma kitambaa hiki, baba. Taratibu." Akauma. Nikalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani, nikalishikiza kwa ile dawa nyeupe ya kuzibia, nikaigandisha kwa taa. Alipoondoka yeye alitazama ukuta, mimi nikatazama kabati.

Siku zilizofuata nilikonda. Sokoni nilipopita kwa wauza mchele, maneno yalinyamaza. Kisha mwanangu akapata homa, na shangazi mmoja wa ukoo akasema mbele yangu, bila hata kushusha sauti, kwamba mwiko ukivunjwa mtoto ndiye analipa. Ilikuwa malaria, vidonge vikaiondoa. Lakini mimi, mwenye cheti ukutani, nilipiga magoti nikaomba msamaha. Na jino lenyewe je? Kila nilipokutana na mama mkwe nilimuuliza, linacheza? Lina usaha? Anakula upande gani? Mpaka akanikemea: "Mwanangu, niache, si jino langu!"

Siku ya kutoa waya, daktari alikuwa amesharudi. Nikampangia baba mkwe aonwe na yeye, nikashukuru, nikaenda kujificha chumba cha dawa. Nikasikia kikohozi. Mara daktari akafungua mlango, anacheka.

"Mzee amegoma. Anasema aliyeliweka ndiye aliguse."

Nikadhani ananitania. Nikatoka. Mama mkwe hakuwapo, kitenge hakikuwapo. Baba mkwe alikuwa amelala kwenye kiti peke yake, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayepakwa sabuni, mdomo wazi.

Nikakata waya. Nikalishika jino kwa vidole viwili, nikalitikisa. Limeshika. Sikushangilia, kwa sababu niliona limeanza kuwa la kijivu, maana yake ndani limekufa. Nikamwambia mwenyewe, moja kwa moja, hapakuwa na wa kumtuma: nitasafisha mzizi leo, nitauziba, na kijivu hiki nitakitia dawa kwa ndani, jino ling'ae kama mengine, ukicheka mtu asijue. Alinisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Kila mgonjwa huwa tunampa kioo aone kabla hatujaendelea, nikampa, na hapo nikakumbuka kwamba kioo hakitazamwi kwa macho yaliyofumbwa.

Akafumbua. Akainua mdomo wa juu kwa kidole, akalitazama jino upande huu, upande ule. Kisha kwenye kioo hicho hicho, juu ya bega lake, akaniona. Nikangoja ageuze uso, hakugeuza.

"Pasaka nitapuliza?"

Hakuwahi kunitamkia neno. Na la kwanza likawa hilo. Jino la namna ile linaweza kukaa miaka mingi, linaweza pia kutoka katikati ya wimbo, mbele ya jeneza la watu. Ningeweza kumwambia ndiyo, afurahi. Nikavua barakoa, maana jambo kama lile siwezi kumwambia mtu mzima nikiwa nimefunikwa.

"Sijui, baba."

Akaniangalia uso mzima, bila haraka.

"Hata mimi sijui," akasema. "Basi tungoje wote."

Kisha akalaza kichwa, akafungua mdomo tena, macho yakiwa wazi, ili niendelee.