Kitabu Tulikigawana, Bahati Ikaangukia Upande Wangu

(Barua hii imetufikia kutoka kwa msomaji wa Changamwe. Jina lake tumelificha, na la rafiki yake tumelibadilisha. Isomeni kwa upole, kisha mpeni neno.)

Bwana Mhariri, salamu kwako na kwa wote wanaofuata ukurasa huu. Mimi ni kijana wa miaka kumi na minane, nakaa Chaani na baba na mama. Kwetu hasa ni Kaloleni, ila baba alishuka kutafuta kazi bandarini nikiwa mdogo, basi nimekulia hapa. Nawaandikia kwa sababu nimepita mtihani, na tangu nipite sijaona furaha hata kidogo. Huzuni nayo sina. Moyo umekufa ganzi tu. Nikipewa chakula nakula, watu wakicheka nami nacheka.

Nina rafiki, nimwite Kazungu. Tumesoma pamoja shule ya misheni, na mamake huniita mwanangu. Huyu Kazungu tangu utotoni hana wimbo mwingine ila udresa, kufunga watu vidonda hospitalini. Mtu akijikata na panga mtaani, yeye ndiye wa kwanza kufika na kitambaa na maji ya chumvi. Mimi sikuwa na mpango wowote. Nilijiandikisha mtihani wa kuingia chuo cha madresa kwa kuwa yeye alijiandikisha, na kwa kuwa baba alikwisha kuchoka kuniona barazani.

Kulikuwa na hesabu na Kiingereza, lakini mtihani wenyewe hasa ulikuwa Elimu ya Afya. Na kwa vita hivi vya Ulaya vitabu haviji. Mama Kazungu alizunguka maduka ya Wahindi mpaka akapata kimoja, jalada limeliwa na mende. Tukakikata katikati kwa kisu, kama tulivyozoea shuleni, ambako vitabu havikututosha hata siku moja. Kila mtu husoma kipande chake, halafu tunakutana kufundishana. Kazungu akachukua mbele, kwenye mifupa, damu na vidonda. "Wewe shika huku nyuma, ni kwepesi," akaniambia. "Nikimaliza nakufundisha changu, nawe wanifundisha chako."

Nilisoma kidogo mno. Nilisoma sura ya vyoo, ya maji ya kunywa na ya mbu, na hiyo ya mbu niliirudia kwa sababu ina picha. Halafu homa ikaniangusha. Wiki ile tuliyopanga kufundishana nilikuwa kitandani natetemeka, masikio yanalia kwa dawa ya kwinini. Kazungu alikuja kila alipotoka kwenye kibarua chake. Akanifuta jasho, akaninywesha uji, kisha akaketi kunisomea kipande chake kwa sauti, na mimi sishiki hata neno. Mama akamwambia, "Mwanangu, si uchukue hicho kipande cha mwenzio ukasome?" Akajibu, "La, mama. Akipata nafuu atanifundisha mwenyewe, ndivyo tulivyoagana." Nafuu nilipata asubuhi ya mtihani, akanipakia kwenye baiskeli yake.

Karatasi ya Elimu ya Afya ilipofunuliwa, kulikuwa na vyoo, maji na mbu. Mbu yule yule aliyenilaza ndiye aliyenipitisha. Mifupa haikuulizwa, wala kidonda hata kimoja. Niliandika mpaka mkono ukauma. Nilipoinua macho nikamwona Kazungu ameshika kalamu anatazama dari.

Majina yalisomwa kanisani baada ya ibada. Kutoka shule yetu lilisomwa moja, langu. Mama Kazungu alipiga kigelegele kabla hata ya mamangu. Kisha akamgeukia Padri akauliza polepole, "Na wangu je?" Padri akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, watu wananishika mkono, naona kama ni mkono wa mtu mwingine.

Nilimwendea Padri nikamwomba nafasi yangu apewe Kazungu. Akasema nikiiacha itakwenda shule nyingine, na Kazungu atajaribu tena mwaka ujao. Nikarudi nyumbani nikalala.

Kisha Kazungu mwenyewe akaja. "Ndugu yangu, sikulazimishi," akasema. "Lakini waonaje ukangoja mwaka mmoja? Tufanye tena, twende sote. Wewe wajua, kwako si kazi."

Hapo ndipo nilipokwama. Mimi sijui. Kipande changu nimempa, atakisoma na atapita, maana ana kichwa na ana moyo. Mimi nikirudia mtihani ule nitaanguka, bahati kama ile haiji kwa mtu mara mbili. Na nikimwambia kweli, atajua kwamba aliyemshinda ni mtu aliyesoma sura tatu tu, ambaye udresa wenyewe hakuwahi kuutaka. Nikienda nikanyamaza, ataona nimempa kisogo. Baba naye ameshatangaza mpaka Kaloleni, na ameniambia, "Ukiikataa nafasi hii, tafuta mtu mwingine wa kumwita baba."

Gari la misheni litanichukua mwisho wa mwezi. Jana asubuhi Kazungu alifika kwetu, nikadhani amefuata jibu. Kumbe amekuja kumsaidia baba kusimamisha kibanda cha makuti, cha jamaa watakaokuja kuniaga. Yeye alikuwa juu anafunga, mimi chini nampa kamba. Akanitazama akauliza, "Bado wafikiri?" Nikamwambia bado.

"Haya," akasema, "nipe kamba nyingine."

Nikampa. Wasomaji wenzangu, wazee kwa vijana, nishaurini. Nimwambie nini mtu huyu?